Umri wa Mchoro na Umri wa Nguo

Boda aliniletea kifurushi Ijumaa jioni, kimezungushiwa nailoni nyeusi na gundi ya karatasi mpaka ikanibidi nitafute kisu cha jikoni. Ndani mlikuwa na jezi ya Uholanzi, ile ya rangi ya chungwa yenye pembetatu zinazopandana kama magamba ya samaki. Ruud Gullit na Marco van Basten waliivaa kwenye fainali ya Mataifa ya Ulaya mjini Munich, tarehe 25 Juni 1988, kila mmoja akafunga bao na Umoja wa Kisovyeti ukalala 2–0. Marehemu baba alikata picha ya kikosi kile gazetini akaibandika nyuma ya mlango wa kabati lake, na nilikua nikiiona kila asubuhi. Ndiyo maana nilipoliona tangazo sikufikiri mara mbili. Nilituma laki nne na nusu, na ya kutolea juu.

Niliipeleka dirishani kwenye mwanga. Rangi safi, nembo imekaa vizuri, kitambaa hakina doa. Kisha nikaigeuza ndani nje. Kwenye mshono wa ubavuni palikuwa na lebo mbili nyeupe, nyembamba na laini kama karatasi ya risiti. Ya kwanza ilikuwa na kile kimraba cha vidoti vyeusi kinachosomwa kwa simu. Ya pili ilikuwa na maelezo ya kufua, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama punje za ulezi, mwezi na mwaka wa kutengenezwa: mwaka ulikuwa 2018.

Nilirudi kulisoma tangazo. Lilisema: jezi ya Uholanzi 1988, orijino ya adidas, haina doa, nadra kupatikana. Nililisoma neno kwa neno nikitafuta uongo, na neno la uongo sikuliona. Mchoro ni wa 1988 kweli. Jezi ni ya adidas kweli, kwa sababu kampuni yenyewe iliitoa upya kwa ajili ya wapenzi wa mambo ya zamani, ikaiuza kihalali madukani. Doa haina. Kitu kimoja tu kilikuwa hakikutajwa, nacho ni mwaka iliposhonwa. Miaka thelathini yote ilikuwa imefichwa katika ukimya huo.

Tangu siku ile, kila ninapotaka kununua nguo ya kale mtandaoni, iwe jezi, fulana, jinzi au kanga, nauliza maswali mawili, na ninayauliza mbalimbali. Mchoro huu una umri gani? Na nguo hii yenyewe ina umri gani? Muuzaji mwenye nia mbaya, au hata asiye na nia mbaya lakini hajui, atajibu la kwanza kwa sauti kubwa na la pili atalipita. Bei inategemea la pili.

Tumezoea kuonyana juu ya feki, na ni haki, maana feki zimejaa. Lakini kwa nguo za kutunza, zile zinazonunuliwa kwa sababu ya umri na kumbukumbu yake, feki siyo hatari kubwa kuliko zote. Jicho lililozoea huziona: mshono umekwenda upande, nembo imevimba, rangi imezidi. Hatari zaidi ni hili toleo la marudio, kwa kuwa linapita kila mtihani wa uhalisi. Nembo sahihi, kitambaa kizuri, kiwanda kinachotambulika. Ukimuuliza muuzaji, “Ni orijino?” atakujibu ndiyo, na wala hajakudanganya. Umeuliza swali lisilofaa.

Nikueleze la kanga, kwa sababu huko ndiko jambo hili lina mizizi mirefu kuliko hata kwenye jezi.

Binamu yangu anaishi Birmingham. Alinunua mtandaoni doti ya kanga iliyotangazwa kama kanga ya kale ya Unguja, ya miaka ya hamsini, haijawahi kuvaliwa. Alilipa pauni 85. Alipokuja likizo akaileta Dar es Salaam kumzawadia shangazi, akitegemea machozi ya furaha. Ilikuwa kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, doti yake bado haijakatwa. Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaipeleka puani. Kisha akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. “Ina wanga hii,” akasema taratibu. Akaivuta mpaka kwenye ukingo, chini ya pindo, pale ambapo kiwanda huchapa jina lake na namba ya mchoro, akamwomba binti yake amsomee. Palikuwa pameandikwa kwamba imetengenezwa Tanzania.

Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika baadaye mwaka huohuo. Kanga ya miaka ya hamsini haiwezi kulijua jina hilo. Shangazi hakusema zaidi. Aliikunja, akaenda kuiloweka ili wanga utoke, na Jumapili akajifunga kwenda msibani. Ni kanga nzuri, imara, ya pamba. Pauni 85 ndiyo isiyokuwa yake.

Kisutu imechapishwa na viwanda vingi, vizazi kwa vizazi, na inachapishwa hadi leo. Ndivyo kanga ilivyo: mchoro unaopendwa haufi, unarudi kila baada ya miaka kadhaa, na hakuna aliyekosea kwa kuurudia. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo kanga zake tunazijua kwa maandishi ya “Mali ya Abdulla”, lipo tangu 1887. Mtu akikuonyesha kanga yenye maandishi hayo, amekuonyesha kanga ya duka lenye historia ndefu. Hajakuonyesha kanga yenye historia ndefu. Vivyo hivyo kanga ya Urafiki: kiwanda kile cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa 1968, kwa hiyo kanga yake yoyote inayouzwa kama ya “kabla ya Uhuru” imejishuhudia yenyewe pindoni.

Basi kwa kanga, usikubali picha ya mji, yaani ile sehemu ya katikati, na jina, yaani maandishi yake, peke yake, hata kama jina limekugusa moyo. Omba picha ya ukingo wote, upande kwa upande, herufi zisomeke. Omba picha ya upande wa nyuma. Muulize muuzaji adondoshe tone la maji juu ya kitambaa akupigie video: pamba iliyokwisha kufuliwa hunywa maji papo hapo, na tetroni huyaacha yakisimama kama shanga. Kanga mpya ya pamba nayo huweza kukataa maji kwa sababu ya wanga, lakini hiyo inakupa jibu la namna nyingine, kwamba haijafuliwa na huenda imetoka dukani juzi. Ukishaipata mkononi na bado una shaka, chomoa uzi mmoja ukingoni, uuchome mbali na kitambaa. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu jepesi. Tetroni huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu cheusi.

Kwenye jezi, historia imekufanyia nusu ya kazi, kwa sababu wadhamini na watengenezaji walibadilika kwa tarehe zinazojulikana. Manchester United walivaa adidas kuanzia 1980 hadi 1992, Umbro hadi 2002, Nike hadi 2015, kisha wakarudi adidas. Kifuani Sharp alikaa hadi 2000, akaja Vodafone. Kwa hiyo jezi ya United yenye Sharp na alama ya Nike haijawahi kuwako duniani, hata ingekuwa imechakaa namna gani. Arsenal waliomaliza msimu wa 2003/04 bila kufungwa kwenye ligi walivaa Nike na kifuani O2. Emirates alianza kifuani mwao mwaka 2006. Nimeona zaidi ya mara moja jezi yenye Emirates na jina la Henry ikiuzwa kama “ya ule msimu wa kutofungwa”, na watu chini wakiulizia bei.

Hesabu pia nyota. Brazil walicheza Kombe la Dunia la 1994 wakiwa na nyota tatu juu ya nembo, wakaongeza ya nne baada ya kulitwaa, na ya tano baada ya 2002. Jezi ya Ronaldo ya 1998 yenye nyota tano imeshonwa na mtu aliyekwisha kuyajua matokeo ya miaka minne mbele. Ufaransa hawakuwa na nyota hata moja siku ile walipowafunga Wabrazili hao 3–0 mjini Saint-Denis. Nyota ilikuja baada ya kombe. Kwa klabu za kwetu ni hivyohivyo: Simba ilianza 1936 kwa jina lingine, ikaja kuitwa Sunderland, na jina la Simba likaja 1971. Anayekuuzia “jezi ya Simba ya miaka ya sitini” mwulize imeandikwa nini kifuani.

Jezi inayoniuma zaidi ni ya Zaire ya 1974, ile ya kijani yenye kichwa cha chui kifuani. Ni ya timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, na kwa ndugu zetu wa Kongo ile ni zaidi ya nguo. Sasa fikiri. Biashara ya kuwauzia mashabiki jezi zilezile za wachezaji ilikuwa ndiyo kwanza inaanza Uingereza katika miaka hiyohiyo, kampuni ya Admiral ikiwa mstari wa mbele na Leeds United. Hakukuwa na duka la Kinshasa wala la Frankfurt lililokuwa limetundika jezi za Zaire kwa ajili ya mashabiki. Zilizokuwapo ni za wachezaji 22 na za akiba. Kwa hiyo unapoziona mtandaoni zikiwa kumi, za saizi zote kuanzia ndogo hadi kubwa mara mbili, hizo ni nakala. Ziko nakala zilizotengenezwa kwa heshima na kuuzwa wazi kama nakala. Nunua moja uivae kwa fahari, ila uilipe bei ya nakala. Kabla ya kuuliza kama kitu ni cha kale, uliza kama kiliwahi kuuzwa kwa watu wa kawaida.

Ndani ya jezi za miaka ya 2000 na kuendelea mara nyingi kuna kilebo kidogo chenye namba ya bidhaa. Iandike kwenye intaneti kama ilivyo. Ikikuletea picha ya jezi ileile, vizuri. Ikikuletea suruali ya mazoezi au jezi ya timu nyingine, funga ukurasa, kwa sababu watengeneza feki hunakili namba moja wakaibandika kwenye jezi za kila timu. Na kama tangazo linasema miaka ya themanini huku lebo ina anwani ya tovuti, usiendelee kujadiliana.

Fulana za muziki na filamu zina mtego wake, nao ni mwaka uliochapwa chini ya picha. Fulana inaonyesha filamu ya 1977, na chini pana alama ya hakimiliki na 1977. Huo ni mwaka wa haki ya picha. Fulana iliyochapwa mwaka jana itaubeba mwaka huohuo, kwa sababu mwenye haki anaudai. Hapo angalia lebo ya shingoni na ya ubavuni. Marekani ililazimisha maelezo ya kufua kwenye nguo kuanzia 1972, na ikaruhusu alama peke yake bila maneno kuanzia 1997, kwa hiyo fulana iliyoshonwa kwa soko la Marekani yenye michoro mitupu ya ndoo na pasi haielekei kuwa ya 1977. Utaona pia herufi RN na tarakimu. Namba hiyo unaweza kuitafuta bure kwenye tovuti ya tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikakupa jina la kampuni. Haikupi mwaka wa nguo, ingawa wauzaji wengi huitumia kana kwamba inakupa. Mshono wa mstari mmoja kwenye pindo la mkono, ambao kila mtu sasa anausifia, ulikuwa wa kawaida hadi katikati ya miaka ya tisini. Ni dalili nzuri, lakini wanaochapa marudio wanaujua na wanaushona makusudi.

Jinzi za Levi’s nitazipitia haraka. Kitambulisho chekundu mfukoni kiliandikwa kwa E kubwa hadi 1971, kisha ikawa e ndogo. Lakini Levi’s wenyewe wana toleo la marudio ya jinzi zao za zamani, na marudio hayo yana E kubwa. Picha ya kitambulisho peke yake haitoshi. Omba lebo ya ndani.

Sasa namna ya kuomba, maana wengi wetu tunaona haya. Tumelelewa tusimhoji mtu kama polisi, na muuzaji mjanja analitumia hilo. Andika kwa upole na kwa ukamilifu: “Habari yako ndugu. Nimeipenda nguo hii. Naomba picha ya lebo zote za ndani, mbele na nyuma, na vipimo kutoka kwapa hadi kwapa ikiwa imelazwa mezani. Je, imetengenezwa mwaka huo, au ni toleo jipya la mchoro wa mwaka huo?” Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Ikijibiwa ndiyo kwa maandishi, una ushahidi. Ikijibiwa “mzigo mkali huo boss, wateja wako wengi”, hujajibiwa. Ukishuku kwamba picha zimeokotwa mahali, mwombe apige nguo hiyo pamoja na kipande cha karatasi chenye tarehe ya leo. Na wewe ziingize picha zake kwenye utafutaji wa picha. Jezi yangu ya Uholanzi ningeiona kwenye duka la Ujerumani na bei yake, ningetumia dakika mbili.

Vipimo navyo siyo adabu tu. Saizi za zamani hazilingani na za leo, na kubwa ya miaka ya themanini inaweza kukubana. Piga fulana yako inayokukaa vizuri futi, ulinganishe.

Malipo. Ukinunua kwenye soko lenye ulinzi wa mnunuzi, lipia humohumo, hata muuzaji akikuahidi punguzo ukimtumia pembeni. Kwenye eBay kwa kawaida una siku 30 za kudai kuwa kitu hakiko kama kilivyoelezwa, na kwenye Vinted ni siku mbili tu tangu mzigo ufike, kwa hiyo fungua siku hiyohiyo, piga video ukifungua, geuza ndani nje kwanza. Ndugu mlioko Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, mfanyabiashara aliyekuuzia mtandaoni kwa kawaida anawajibika kukupa siku 14 za kubadili mawazo. Mtu binafsi anayeuza kabati lake hawajibiki hivyo. Hapa kwetu, ambako biashara kubwa inafanyika Instagram na WhatsApp na fedha inakwenda kwa simu, ulinzi huo haupo, na fedha ikishatumwa imekwenda. Kwa nguo ya bei kubwa mimi sasa nalipa baada ya kuiona, au namtuma mtu ninayemwamini akaigeuze ndani nje mbele ya muuzaji.

Nimalizie na upande wa pili wa meza, kwa sababu najua wasomaji wengine ni wauzaji. Vijana wa masoko ya mitumba ya Karume, Gikomba na Kongowea wanafungua belo alfajiri, na ndani ya mashati ya kawaida wanakuta fulana au jezi ambayo mtu wa Tokyo au London angeilipia vizuri. Ni kazi ya jicho na ya haki. Sikulaumu kama hujui mwaka wa nguo, kwa kuwa belo haliji na historia yake. Nakulaumu ukiujaza mwaka kwa kukisia ili bei ipande. Andika unachokiona: “Picha ni ya filamu ya 1977. Fulana yenyewe mwaka wake sina uhakika. Lebo hizi hapa. Kuna tobo dogo chini ya kwapa la kushoto, nimelipiga picha.” Nimenunua kwa tangazo la namna hiyo mara nne, kwa wauzaji wawili tofauti, na bei sikuomba ipunguzwe. Mnunuzi anayejua anachokitafuta huiona lebo na kuutambua mwaka mwenyewe, wakati mwingine akaongeza.

Jezi yangu ya Uholanzi niliandika kumwuliza aliyeniuzia kama alijua. Alinijibu kwamba yeye naye aliuziwa hivyo, na akanitumia picha ya tangazo alilonunulia: maneno yaleyale, herufi kwa herufi. Hatukuweza kupatana juu ya kurudishiana. Mwezi uliopita nimeiuza. Niliandika “mchoro wa 1988, imetengenezwa 2018”, nikaweka picha ya lebo iwe ya kwanza, na ikaondoka kwa laki moja na ishirini, ikanunuliwa na kijana wa Tanga ambaye alitaka kuivaa tu uwanjani.